Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwaka jana niliandika kuhusu okestra hii na nikaivunjia heshima. Sikuitukana. Niliisifu. Niliandika kwamba wamejaribu, kwamba inatia moyo kuona wahasibu, walimu na wanafunzi wa chuo wakitoka kazini jioni na kwenda kumpiga Beethoven. Aya sita nzima, na hakuna mahali niliposema walipiga kazi gani ya Beethoven, wala waliipigaje.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye foleni ya benki katikati ya jiji, dada mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Wewe si ndiye uliandika ile kitu yetu ya okestra?"

Nikasema ni mimi, nikaanza kujipanga kushukuriwa.

"Mimi ndiye napiga basuni," akasema. "Ulituandikia kama watu wamelazwa wodini. Kama umekuja kutuona na maua na juisi."

Foleni ikasonga, akaitwa dirishani, nami nikabaki na karatasi yangu ya kuweka pesa mkononi nikiwa sina la kujibu. Alikuwa amesema kweli. Neno "wamejaribu" linapendwa sana Nairobi. Tunalitumia kwa bendi ya shule, kwa mchezo wa kuigiza wa kanisa, kwa kitabu cha rafiki ambacho hatujakimaliza. Ni neno la mtu ambaye hakusikiliza ila anataka kuonekana mwema. Basi Jumapili hii ya Julai, okestra ilipofunga msimu wake, nilienda na daftari, kalamu mbili, na kiapo kwamba neno hilo halitaonekana hapa ila kwa kulilaumu.

Jina la okestra silitaji, kwa sababu ninayotaka kusema yanahusu nyingi za aina yake. Nairobi si jiji geni kwa muziki huu. Kuna Nairobi Orchestra, yenye umri wa miongo mingi. Kuna vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho, mradi ulioanza 2008 na ambao umewatoa wapigaji wanaosikika leo katika kumbi nyingi. Hii ya kwetu ni ndogo zaidi. Ni watu kama arobaini hivi wanaokutana Jumanne jioni kwenye ukumbi wa shule, kila mmoja na ala yake aliyoinunua kwa taabu au kuazima, na ada wanajichangia wenyewe. Hakuna anayelipwa. Mwisho wa msimu hufanya tamasha moja kubwa, na safari hii walimwalika mgeni, mpiga fidla anayeishi na kufanya kazi Ujerumani.

Bango lilikuwa na uso wake tu. Jina la okestra lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, karibu na bei ya tiketi. Nililitazama kwenye simu wiki nzima na likanikera, kisha nikakubali kwamba hata mimi, kama si yeye, pengine ningebaki nyumbani na baridi hii ya Julai. Huo ndio mtego wa mgeni. Anakujazia ukumbi, halafu watu wanarudi kwao wakimzungumzia yeye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitaka kujua kama mwenyeji angepona kweli, au angebeba tu viti.

Programu ilikuwa na kazi tatu. Utangulizi wa Egmont wa Beethoven, kisha Koncheto ya Fidla ya Mendelssohn katika E ndogo, na baada ya mapumziko Simfoni ya Nane ya Dvořák. Kwa okestra ya watu wanaofanya mazoezi mara moja kwa wiki, huo ni mlo mzito.

Egmont niimalize haraka, kwa sababu wao wenyewe waliimaliza haraka. Kazi hii, ambayo Beethoven aliitungia tamthilia ya Goethe na ikasikika mara ya kwanza 1810, inafunguka kwa noti moja ndefu ya okestra yote. Mlango mmoja, watu wote wanaingia pamoja. Jumapili waliingia mmoja mmoja, kama abiria wa matatu wanaogombea kiti cha dirishani. Mahorni yalikwaruza mara mbili. Fidla za pili zilichelewa kila zilipopewa nafasi ya kujibu. Walichokuwa nacho ni hamu, na mwishoni, muziki unapobadilika kuwa wa ushindi na mwendo unaongezeka, hamu hiyo iliwabeba hadi mwisho. Ila hamu si mpangilio. Niliandika kwenye daftari: *wanamwogopa mtu ambaye bado hajaingia.*

Kisha akaingia. Gauni la kijani, hatua za haraka, tabasamu fupi. Ukumbi ukapiga makofi kama tumemwona rais.

Kabla sijaendelea, niseme koncheto hii imejengwaje, maana hukumu yangu yote inasimama hapo. Mendelssohn aliimaliza 1844, na ilipigwa mara ya kwanza Machi 1845 huko Leipzig, katika ukumbi wa Gewandhaus. Mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Niels Gade ndiye aliyeongoza. Aliyepiga fidla ni Ferdinand David. Huyu David hakualikwa kutoka mbali. Alikuwa kiongozi wa wapiga fidla wa okestra hiyo hiyo, mtu wa nyumbani, aliyekaa kiti cha mbele siku zote na siku hiyo akasimama. Mendelssohn alimwandikia rafiki yake, na barua zao zinaonyesha kwamba walikuwa wakiizungumzia kazi hii tangu 1838. Kwa hiyo mpigaji pekee wa kwanza wa koncheto hii alikuwa mwenyeji. Ukilijua hilo, unaanza kusikia mambo mengine.

Koncheto nyingi za kabla yake zinaanza na okestra ikipiga peke yake kwa muda mrefu huku mpigaji pekee amesimama akingoja kukaribishwa. Mendelssohn hakuwa na subira hiyo. Nyuzi zinaanza kutetema, na kabla hujatulia kitini fidla imeshaingia juu na wimbo wake. Mgeni anafika kabla chai haijachemka. Inapendeza, ila ni hatari kwa wenyeji, kwa sababu hawapati nafasi ya kujitambulisha.

Na hapo ndipo okestra yetu ilipopotea. Mgeni ana sauti safi sana, nyembamba kama uzi wa hariri, na kila noti inakaa mahali pake. Okestra ilipomsikia kwa karibu namna hiyo ikajificha. Mwongozaji naye akawasaidia kujificha: mkono wa kushoto chini, chini, punguzeni, punguzeni. Kwa dakika tano nzima nilisikia fidla moja na mnong'ono. Pale okestra inapotakiwa kuichukua ile nyimbo kuu na kuipiga kwa nguvu zake zote, waliipiga kama watu wanaoomba radhi. Hii si staha. Mwenyeji anayezungumza kwa kunong'ona ndani ya nyumba yake anamfanya mgeni ajione amekuja siku ya msiba.

Kilichowaokoa kwanza ni klarineti. Kuna mahali katika sehemu hiyo ya kwanza ambapo Mendelssohn anafanya jambo la ajabu. Fidla inashuka, inashuka hadi uzi wake wa chini kabisa, ule wa G, na inabaki hapo. Noti moja, imeshikwa. Juu yake klarineti na fluti zinaanza wimbo mpya, mtulivu, na nyota wa jioni amekuwa sakafu ya wenzake. Nilimwona mgeni akigeuka nusu, akawapa ukumbi bega, akawatazama wapiga filimbi. Uta wake ulienda polepole mno. Kijana wa klarineti, ambaye hadi hapo alikuwa amekunja mabega, akaiachia sauti yake. Ilikuwa sauti ya mviringo, haina haraka, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo nilimsikia mtu wa okestra akipiga kama ana jambo la kusema.

Mimi nimezaliwa Mombasa, na fidla niliijua kabla sijajua kuna Mendelssohn. Ami yangu alikuwa akipiga fidla kwenye kikundi cha taarab, arusi kwa arusi. Fidla ni ala ya kwetu kwa zaidi ya karne moja sasa: Unguja kuna Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza 1905, na nyuzi zake hazijanyamaza. Ami alikuwa akisema kazi ya fidla ni kumjibu mwimbaji. Mwimbaji akimaliza mstari, fidla inauchukua, inaurudia kwa namna yake, inamrudishia. "Ukijibu kabla hajamaliza, huna adabu," alikuwa akisema. "Ukichelewa, umelala." Nilimkumbuka pale klarineti ilipomaliza na fidla ikauchukua wimbo ule ule. Ilijibu wakati wake. Ami, Mungu amrehemu, angetikisa kichwa kwa raha.

Sasa niseme habari ya makofi.

Mwisho wa sehemu ya kwanza ni wa kishindo. Okestra inakimbia, fidla inakimbia, mambo yanafungwa kwa nguvu, na mwili wako wote unataka kupiga makofi. Mendelssohn alijua. Enzi zake watu walipiga makofi kati ya sehemu bila aibu, na yeye alitaka sehemu tatu za koncheto hii ziende mfululizo. Kwa hiyo akaweka mtego. Okestra nzima inanyamaza, isipokuwa basuni. Basuni inabaki na noti moja, ile ya B, inaishika peke yake, kisha inapanda nusu hatua hadi C, na kutoka hapo sehemu ya pili inachipuka taratibu. Ukiwa umeimba kwaya ya kanisa kwa solfa utaelewa mara moja: imekaa kwenye *ti*, na wewe kitini unajua inadai *do*.

Ukumbi wetu haukungoja *do*. Tulilipuka. Makofi, vigelegele, mzee mmoja nyuma yangu akapiga mluzi. Mistari michache ya mbele, ile ya watu wanaojua, ikageuka na macho makali. Bwana mmoja akaweka kidole mdomoni, shhh, kama tuko maktaba.

Na chini ya kelele zote hizo, yule dada wa foleni ya benki alikuwa ameshika noti yake.

Sikumsikia mwanzoni, nilimwona. Alikuwa ameketi wima, mashavu yamekaza, macho kwa mwongozaji, na mwongozaji ameinua mkono wa kulia hewani bila kuutikisa, akimwomba asiachie. Fidla ya mgeni ilikuwa imeshushwa. Watu wote arobaini walikuwa wakimngoja mtu mmoja. Makofi yakapungua, na kadiri yalivyopungua noti ikajitokeza, kama jiwe maji yanapokupwa. Ilikuwa hapo muda wote. Ukumbi ukagundua. Wale waliokuwa bado wanapiga makofi wakaacha mikono hewani. Halafu basuni ikapanda nusu hatua, nyuzi zikaingia chini yake, na sehemu ya pili ikaanza katika ukimya ambao sijawahi kuusikia kwenye ukumbi wa shule.

Najua watu watakaosema kwamba makofi yale yalikuwa aibu, ati Wakenya hatujui kukaa kwenye tamasha. Sikubaliani. Kwenye arusi ya taarab hakuna anayengoja wimbo uishe. Mstari ukimgusa mtu anainuka hapo hapo, anacheza polepole hadi mbele, anamtuza mwimbaji, na muziki unaendelea chini yake. Mpigaji mwema anajua kuushikilia mpaka mtu arudi kitini. Jumapili ukumbi ulituza, na okestra ikajua kushikilia. Nimeisikia koncheto hii mara nyingi kwenye rekodi, na ile noti ya basuni huwa inapita kama daraja dogo ambalo huoni unalivuka. Sasa sidhani nitaivuka tena bila kuangalia chini.

Baada ya hapo okestra ilibadilika. Sitaki kutia chumvi. Hawakugeuka kuwa okestra ya Leipzig. Ila waliacha kuomba radhi. Katika sehemu ya pili kuna mahali fidla inapiga wimbo na mtetemo wake yenyewe kwa wakati mmoja, kama mtu anayebembeleza mtoto na huku anakoroga chungu, na okestra lazima iingie katikati bila kumwangusha mtoto. Waliingia. Viola, ambazo katika okestra za aina hii huwa ndiyo sehemu dhaifu, zilikuwa na rangi nzito ya kahawia, na zilikaa pamoja.

Sehemu ya tatu niilaumu, na lawama yangu ni ya mgeni. Aliianza kwa mwendo ambao ungewafaa wenzake wa Ujerumani wanaofanya mazoezi kila siku. Muziki huu ni mwepesi, wa mchezo, filimbi na fidla zinakimbizana kama watoto uani, na raha yake ni kwamba wanakimbizana. Mmoja akiwaacha wenzake kona mbili nyuma, mchezo umekwisha. Mwanzoni filimbi zilimfuata kwa ujasiri. Kisha fidla za kwanza zikaachwa, chelo zikaachwa, na kwa mistari kadhaa kulikuwa na koncheto mbili ukumbini. Mwongozaji alilazimika kuchagua amfuate nani. Alimfuata mgeni, nami nafikiri alikosea. Walikutana tena karibu na mwisho na wakamaliza pamoja, na ukumbi ukasimama. Mimi pia nilisimama. Lakini mgeni mwenye vidole vile anajua kupunguza mwendo, na kupunguza kungekuwa na muziki zaidi kuliko kasi ile. Alichofanya kwenye uzi wa G katika sehemu ya kwanza kinaonyesha kwamba anajua kuwangoja watu. Alisahau.

Wakati wa mapumziko nilinunua chai na mandazi kwa akina mama wa kamati na nikasikiliza watu. Kila mtu alikuwa akimzungumzia yeye. Vidole vyake, gauni lake, ati fidla yake ina miaka mingapi. Mama mmoja alimwambia mwanawe, "Na hawa wetu pia wamejaribu, sindio?" Nikakinywea kikombe changu.

Hapo nikakumbuka filamu ya *Kinshasa Symphony*, ya 2010, kuhusu okestra ya Wakimbanguisti iliyoanzishwa na Armand Diangienda 1994. Inawaonyesha wakijiandaa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven katika jiji lao. Niliipenda sana. Miaka kadhaa baadaye mtu aliniuliza walipigaje, nami nikagundua nakumbuka giza la umeme kukatika, nakumbuka ala zilizotengenezwa kwa mkono, nakumbuka vumbi la barabarani, na sikumbuki sauti yao. Kosa ni langu, si la filamu. Nilikuwa nimewatazama watu wenye taabu, na masikio nikayaacha nyumbani. Ndivyo nilivyowafanyia hawa mwaka jana.

Kipindi cha pili kilipoanza nilihesabu viti, maana kulikuwa na kilichozidi. Wapigaji walikuwa wameshaketi, obo ikatoa noti yake, watu wakaweka ala zao sawa. Kisha mlango wa kando ukafunguka na mgeni akaingia. Gauni la kijani lilikuwa limeondoka. Alivaa shati jeusi na suruali nyeusi kama wengine. Akapita nyuma ya viola, akaenda hadi mstari wa mwisho wa fidla za pili, akaketi kando ya msichana ambaye sidhani amemaliza sekondari. Msichana akasogeza stendi ili waone wote wawili. Hapakuwa na tangazo. Nusu ya ukumbi haikugundua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sijui nani alikuwa na wazo hilo, yeye au wao, na sikutaka kuuliza. Ila lilikuwa jibu kwa bango lile. Tena lilisikika. Fidla za pili, zile zile zilizochelewa kila mahali katika Egmont, ziliingia kwa wakati. Si kwa sababu yeye alipiga kwa nguvu. Sikumsikia hata mara moja. Nafikiri walikuwa wakiutazama uta wake.

Simfoni ya Nane ya Dvořák aliiandika 1889, na akaiongoza mwenyewe ilipopigwa mara ya kwanza Prague, mwezi wa Februari 1890. Imeandikwa katika G kubwa, lakini haianzi huko. Inaanza kwa huzuni, katika G ndogo, na wimbo huo wanapewa chelo, pamoja na horni, klarineti na basuni. Baadaye fluti inalia kama ndege wa alfajiri na jua linatoka. Ni kazi inayowategemea watu wa katikati, wale ambao jina lao haliwekwi kwenye bango.

Na chelo za okestra hii, jamani! Wako watano. Mmoja ni mzee mwenye mvi, mmoja ni kijana wa rasta, watatu ni akina dada. Walipiga ule wimbo wa kwanza kama watu wanaosimulia habari wanayoijua tangu utotoni, bila kuivuta ili tulie, bila kuikimbiza. Haya ndiyo maneno niliyoshindwa kuyaandika mwaka jana, kwa hiyo niyaandike wazi: sehemu ya chelo ya okestra hii ni nzuri. Si nzuri kwa watu wasiolipwa. Ni nzuri.

Mengine hayakuwa hivyo. Sehemu ya tatu, ambayo ni kama walsi yenye huzuni, ililegea. Walsi inataka mtu ajue mguu wake unatua wapi, na hapa kila safu ilitua kivyake. Fluti, iliyoimba vizuri sana katika sehemu ya kwanza, ilichoka na kukosa pumzi katika ile tofauti ngumu ya sehemu ya mwisho, ambapo Dvořák anaitaka ikimbie kama mwizi. Tarumbeta zinazofungua sehemu hiyo ya mwisho ziliparamia noti ya juu na kuteleza. Lakini baada ya tarumbeta wimbo unarudi kwa chelo, polepole, na wale watano wakauchukua tena kana kwamba hakuna kilichovunjika, na okestra yote ikawafuata hadi kule mwisho wa mbio. Safari hii mwongozaji alijua amfuate nani.

Nina lalamiko moja la mwisho. Baada ya makofi walipiga "Malaika". Mpango wa nyuzi ulikuwa mtamu kupita kiasi, ukumbi ukaimba, simu zikainuliwa, na mimi pia niliimba. Lakini nimeanza kuchoshwa na desturi hii ya kumpa Mjerumani na Mcheki meza kuu, halafu wimbo wetu unakuja mwishoni kama peremende ya kwenye hesabu ya hoteli. Dakika tatu, bila jasho, bila hatari. Kenya ina watunzi walio hai wanaoandikia nyuzi na filimbi. Okestra yenye chelo kama zile inaweza kumwagiza mmoja wao kazi ya dakika kumi na tano, ngumu, ya kutokeza makosa, na kuiweka katikati ya programu ambapo tunaweza kuisikiliza na kuihukumu. Kwa sasa, katika nyumba yetu wenyewe, wimbo wetu ndio mgeni, na hakuna aliyempa jembe.

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Watu walikuwa wakiita magari kwenye simu. Nilimkuta dada wa basuni karibu na geti, kasha la ala yake mgongoni, akimsubiri mtu.

"Umekuja tena," akasema. "Utaandika nini safari hii?"

Nikafungua daftari ili nisijitie uongo. "Chelo ni nzuri. Sehemu ya tatu ya Mendelssohn ilikuwa mbio mno. Walsi ililegea."

"Na mimi?"

"Ile noti yako ilianza chini kidogo."

Alinitazama. Kisha akacheka, cheko fupi la mtu aliyekamatwa.

"Ni hii baridi," akasema. "Nilijua iko chini. Vile mlianza kupiga makofi nikasema asante Mungu, nikapata muda ya kuipandisha."